Kivuli Ndani ya Programu ya Bwawa

Anza kubisha sasa hivi, ili tukifika mwisho uwe umechoka. Wote walibisha. Mwalimu wa fizikia alibisha, padri alibisha, na yule mhandisi aliyetumwa kutoka Sofia, mji mkuu, alibisha mpaka akasahau mkoba wake kwenye kiti hicho ulichokalia. Mimi niliacha shule darasa la tisa, kwa hiyo una ruhusa ya kunicheka. Sharti langu ni moja tu. Nikimaliza nitakuuliza swali la kijinga, jepesi, la kuinua macho na kujibu. Ujibu kweli.

Naitwa Velin. Kazi yangu ni kufumua programu za zamani. Hujui maana yake, usijikaze. Programu huandikwa na mtu kwa maneno yanayosomeka, kila kitu na jina lake: hiki ni kina cha maji, huu ni mlango wa kwanza. Kisha hupitishwa kwenye kinu, zikatoka namba tupu za kulisha mashine. Majina yote hufia humo. Miaka ikipita, mwandishi akazikwa, karatasi zake zikaliwa na panya, unabaki na zile namba peke yake. Hapo ndipo ninapoitwa. Ninazirudisha nyuma uzi kwa uzi, kama bibi anavyofumua sweta kuukuu ili ajue lilivyofumwa. Ila majina hayarudi. Kompyuta inakupa v1, v2, v3, nawe ukisie kipi ni kipi. Shika hilo. Hata wenye shahada watakuambia: majina hayarudi.

Mwenye shahada kwetu alikuwa Nevena, binti wa mama yangu mkubwa. Amenilea nusu, amenigombeza nusu nyingine. Yeye ndiye aliyetafuta kazi na kuvaa viatu vya heshima mbele ya wakubwa. Mimi ndiye niliyeifanya. Yeye husema vinginevyo, lakini leo ninayesimulia ni mimi.

Basi, Machi mosi tukapanda kwenye bwawa la Garvanitsa, hilo lililo juu ya kijiji hiki. Siku ya kawaida kabisa, jua kali na theluji mpaka magotini. Bibi yetu Penka alikuwa ametufunga martenitsa asubuhi ile, uzi mwekundu na mweupe mkononi, kama kila mwaka, uvae mpaka umwone korongo wa kwanza, yule ndege wa masika, ndipo uuvue. Akanitia na donge zima la uzi mfukoni niwafunge watu wa bwawani, wasije wakasema tumekuja mikono mitupu.

Watu wa bwawani walikuwa mtu mmoja. Mzee Tsanko, mlinzi wa milango ya maji tangu ilipowekwa, kikohozi kama trekta linalokataa kuwaka. Tatizo lake lilikuwa hili. Milango ile mitatu inaendeshwa na programu ya mwaka themanini na sita, ndani ya kompyuta moja ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na kompyuta ilikuwa inakufa. Spea hakuna. Maandishi ya programu hayapo. Mwandishi hayupo. Theluji kama ya mwaka huu hata watu wazima walikuwa hawajawahi kuiona, na ikiyeyuka kwa mkupuo milango isifunguke, maji yanapita juu ya ukuta na kushukia hapa tulipokaa. Nyumba mia mbili na bibi yangu ndani ya mojawapo. Tulipewa siku tisa.

Nikamwambia mzee siku tisa ni nyingi, tano nitakuwa navua samaki.

Akanitazama, akasema jambo moja tu. "Fanya utakalo, mjukuu wangu. Ila hiyo ya zamani usiizime."

Kwenye mlango wa chumba cha mitambo kulikuwa na tangazo la msiba, karatasi na picha, kama tunavyobandika sisi kwenye kila mlango na kila mti. Mtu mwenye mabega mapana, penseli sikioni. Mhandisi Lyuben, mwandishi wa programu. Miaka mingi amekufa, lakini karatasi ilikuwa mpya na gundi bado mbichi. Mzee alisema hulibadilisha kila baada ya miezi sita, kwa kuwa Lyuben hakuwa na mtu.

Kando ya mlango, ukutani, palitundikwa koti la zamani, na chini ya koti kilianguka kivuli. Sikukijali. Saa nne asubuhi nilikiona. Saa tisa alasiri nilikiona tena, pale pale, urefu ule ule. Jua lilikuwa limehama upande wa pili wa bonde.

Na koti halina mabega mapana kiasi kile.

Siku mbili nikafumua. Sikiliza, mimi ni hodari, nikikuambia kinyume nitakuwa nakudanganya. Nevena aliangalia pampu na nyaya, mimi nikatoa kurasa mia moja na kumi za v1, v2, v3, safi kama meza ya daktari wa meno. Siku ya tatu, ukurasa wa sabini na kitu, nikasimama. Kulikuwa na kipande kidogo, mistari sita. Kinashika namba, mia mbili na tatu. Kinahesabu moja mpaka arobaini. Kisha kinarudi kilikotoka bila kufanya lolote. Hakifungui mlango. Hakipimi maji.

Juu yake, mahali pa v19, paliandikwa kwa herufi ndogo: lyuben.

Nikafuta, nikafumua upya. lyuben. Nikabadilisha chombo cha kufumulia. lyuben.

Nilimwita Nevena. Alisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Akasema labda mwandishi aliacha alama makusudi, watu wa zamani walikuwa na mbwembwe. Lakini alikuwa anasugua mikono kama mtu mwenye baridi, na jiko lilikuwa linawaka.

Tukamuuliza mzee Tsanko. Alipiga ishara ya msalaba, akaketi, akasema kwa sauti ya chini kama kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Kwanza akatukumbusha waashi wetu wa kale walivyofanya daraja likigoma kusimama. Fundi anavizia mpita njia, anapima kivuli chake kwa uzi bila mwenyewe kujua, uzi anauzika ndani ya msingi. Daraja linasimama. Mwenye kivuli hamalizi siku arobaini, naye hubaki hapo kulinda. Sasa, mwaka ule wa themanini na sita, programu ya Lyuben ilikuwa haina kosa hata moja na milango ilikataa wiki nzima, na wakubwa walikuwa njiani kuja kuzindua. Mwashi mmoja mzee wa bwawa akamwambia utani wa uzi. Lyuben akacheka. Akasimama juani, akakipima kivuli chake mwenyewe, akaandika sentimita zake ndani ya programu. Milango ikafunguka siku ile ile, na haikuwahi kugoma tena.

"Siku ya arobaini nilimkuta kwenye kiti hicho," mzee akasema. "Penseli sikioni."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho.

Unadhani niliogopa? Nilicheka mpaka machozi. Adhuhuri Nevena alitoka uani kupiga simu, jua liko mgongoni mwake, kivuli chake kimelala mrefu juu ya theluji. Nikakata uzi kwenye lile donge la bibi, nikanyata, nikakipima kuanzia kisigino chake mpaka kwenye kilele cha nywele zake alizofunga utosini. Nikapiga fundo. Alipogeuka nilikuwa nimeushika juu kama mvuvi aliyenasa kambare.

"Dada, uzito wako sijui, ila urefu ninao."

Hakucheka. Nevena mwenye shahada mbili, asiyekwenda hata kanisani. "Velin, uchome huo uzi," akasema. "Sasa hivi."

Nikamwambia nitauchoma. Nikautia mfukoni.

Sasa kosa langu, na hili ninalikiri bila kuombwa. Fundi wa kizazi changu hawezi kuacha uchafu kwenye kazi yake. Kipande kisichofanya kitu ni mzoga, unakikata. Nikakikata. Sikumwambia Nevena. Machi saba asubuhi nikaweka programu yangu safi kwenye kompyuta mpya, na ili waya zote ziwe zangu, nikaizima ile ya zamani.

Ilitoa sauti. Sitaki kusema ilikuwa pumzi.

Nikabonyeza mlango wa kwanza ufunguke. Injini ikaunguruma, taa ya kijani ikawaka. Mlango haukusogea. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Nevena akapima umeme, umefika. Mafundi wakapanda na grisi na nyundo, hakuna kilichokwama. Watu wanane tukaning'inia kwenye gurudumu la mkono, halikuzunguka hata upana wa ukucha. Nikawasha ya zamani. Haikuwaka. Haijawaka mpaka leo. Nikarudisha kile kipande mahali pake, mistari sita na mia mbili na tatu yake. Milango ikakaa kimya. Nikafumua kazi yangu mwenyewe kuangalia. Pale palipokuwa na jina palisomeka v19.

Nikatoka kuvuta hewa. Koti lilikuwa limetundikwa ukutani. Chini yake ukuta ulikuwa mweupe mtupu.

Usiku ule mvua ya vuguvugu ilinyesha juu ya theluji. Asubuhi ya Machi nane maji yalikuwa yamebakiza mita moja na nusu kufika ukingoni. Saa nne, mita moja. Siku ya wanawake, chini huku kila mwanamume ana ua mkononi, na gari la polisi linapita na kipaza sauti kuwahamisha watu. Bibi Penka alikataa kutoka. Alimwambia polisi ana unga juu ya meza.

Mzee Tsanko akavaa koti. Akatoka uani, akasimama, akavua kofia.

"Nipime," akasema.

Nevena alikuwa chini kwenye injini na redio mkononi. Tulikuwa wawili. Mzee akasema ana miaka sabini na tisa, mkewe yuko kaburini, mapafu yake yanajua njia. Akasema Lyuben alifanya kwa utani, yeye anafanya kwa akili. Nikatoa uzi. Nikapima. Mia moja na tisini na moja. Nikaingia ndani, nikaandika namba, nikabonyeza.

Milango yote mitatu ikafunguka kwa pamoja. Hujawahi kusikia mlio kama ule. Sakafu ilitetemeka, dari ikamwaga chokaa, na Nevena alikuwa akipiga kelele za furaha kwenye redio. Nikafumua tena, kwa haraka. Mahali pa v19 palikuwa na jina. tsanko.

Kijiji kikapona. Bibi akatuma banitsa, ule mkate wa matabaka, moto, jibini inachuruzika. Nevena akarudi mjini kazini kwake. Mzee Tsanko akanyoa ndevu, akaenda kupiga picha ya tangazo lake, akachagua fremu mwenyewe.

Basi.

Hapo ndipo huwa ninaishia. Watu huagiza rakia, hunipiga mgongoni, huniita mwongo. Mhandisi wa Sofia nilimwachia hapo hapo.

Wewe hunywi. Unatazama mkono wangu. Ndiyo, ni martenitsa, na ndiyo, leo ni Aprili kumi na tano na kijiji kizima kimeshavua. Haya. Kuna sehemu niliruka.

Asubuhi ile hakukuwa na jua.

Mvua ya vuguvugu juu ya theluji, fikiria. Ukungu. Mzee alisimama uani na kofia mkononi na hakuwa na kivuli. Mimi sikuwa na kivuli. Bonde zima halikuwa na kitu chenye kivuli. Tulingoja. Maji yakafika nusu mita. Akaniuliza, "Umeshapima?" Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Nikamwambia nimeshapima, mzee, ingia upumzike.

Duniani kote asubuhi ile palikuwa na kivuli kimoja kilichopimwa, na kilikuwa mfukoni mwangu.

Ningekuambia sikuwaza. Niliwaza. Nilikuwa na muda wa kuwaza kila kitu. Nilinyoosha uzi juu ya rula: mia moja na themanini na nne. Nikaandika. Nikabonyeza. Mwenye kivuli alikuwa chini ya miguu yangu, anashangilia redioni.

Jina lililotoka halikuwa tsanko.

Nevena hajarudi mjini. Yuko nyumba ile pale, ya bibi, dirisha la buluu. Wiki ya kwanza alisema ni mafua. Wiki ya pili hakuweza kupanda ngazi. Mzee Tsanko naye kikohozi kimekoma, amenenepa, anamshukuru Mungu kwa kumpa siku nzuri za mwisho. Ukutani ametundika koti lake juu ya kivuli bila kukitazama, akiamini ni chake. Mimi nilikitazama. Kina nywele zilizofungwa utosini.

Jua lilirudi kesho yake, Machi tisa. Ningeweza kujipima siku hiyo, niweke changu mahali pa chake. Niliandaa programu nyingine, nikaiacha na nafasi ya namba, nikaitia kwenye flashi. Nikapanda mpaka kwenye geti. Nikashuka. Machi kumi na mbili nikapanda, nikashuka. Mara ngapi? Acha. Huku mezani nilikuwa nasimulia nilivyookoa kijiji.

Kilichonimaliza ni korongo. Walifika Machi ishirini na tano, dume na jike, kwenye kiota cha juu ya nguzo ya umeme, mbele ya dirisha lake kabisa. Bibi akavua uzi wake. Mimi nikavua wangu. Nevena hakuvua. Nilikaa kando ya kitanda chake, wale ndege wanagonga midomo kama watu wanaopasua kuni, na yeye anatazama nje, anatazama nguzo, anatazama kiota.

"Mwaka huu wamechelewa," akaninong'oneza. "Eti, Velin?"

Nikasema wamechelewa.

Kila siku aliniuliza. Kila siku nikasema wamechelewa. Jana aliniuliza kama ule uzi niliuchoma.

Leo ni siku ya thelathini na tisa. Saa nne na nusu nilipanda. Mzee alikuwa kijijini kununua mkate. Nikasimama uani, mgongo juani, nikafunga jiwe kwenye ncha ya uzi maana hakukuwa na wa kunishikia. Mia moja na kumi na saba. Jua la Aprili liko juu, halina upendeleo. Kijana mkubwa kama mimi, kivuli kama cha mbwa. Nikaifuta mia na themanini na nne. Nikaandika yangu. Nikajaribu mlango wa kwanza. Ukafunguka taratibu, bila kishindo.

Nilifumua. Jina limeandikwa sawasawa, herufi ndogo, hata kosa hakuna. Nilipotoka sikuinua koti.

Nimefika hapa saa sita kasorobo. Nimekukuta umekaa. Kabla hujaniuliza kwa nini nahema, simu ililia, ulinisikia nikiipokea. Alikuwa Nevena. Ana njaa. Amekula vipande viwili vya banitsa na anataka cha tatu, na bibi analia jikoni. Akacheka, akasema, "Velin, mjinga wewe, wamekuja, wako wawili, njoo uone." Ule uzi wake, uangalie, unapepea kwenye kitasa cha dirisha. Ameuvua.

Baada ya simu nikatoa wangu kwenye droo ya kaunta nilikouacha mwezi uliopita, nikaufunga tena. Usiniulize kwa nini. Watu husema usiuvae mara mbili.

Haya, swali langu. Ile nguzo pale, mbele ya dirisha la buluu. Midomo nasikia inagongana, tangu nimekaa nasikia, kama mtu anapasua kuni juu ya kichwa changu. Nimeinua macho mara saba.

Kiota nakiona. Vijiti naviona kimoja kimoja. Ndani mna nini?